Fomu Ina Visanduku, Mtu Ni Mmoja

Dada nesi alikuwa mpole, na hilo nalisema mapema ili asije akaonekana ndiye mkosaji. Ilikuwa Jumanne asubuhi, kwenye kituo kimoja cha afya hapa Dodoma ambacho sitakitaja. Chumba cha upimaji wa VVU kilikuwa kidogo, pazia limefungwa fundo ili upepo upite kwa kuwa feni ilishakufa. Nilikuwa nimemsindikiza mtoto wa mjomba wangu. Huyu alikuwa utingo wa malori ya Singida, akaingia kwenye unga, yaani heroini, akaacha, akarudia, na siku ile alikuwa na wiki sita hajajidunga. Alikubali kupima kwa sharti kwamba niingie naye.

"Kaka, umewahi kujidunga dawa za kulevya?"

"Ndiyo."

Tiki.

"Una mke?"

"Ninaye. Na watoto wawili."

Tiki.

"Na nje ya ndoa?"

Akacheka kidogo. "Zamani, nikiwa safarini."

"Kondomu ulitumia?"

"Mara nyingine."

Tiki ya tatu. Nesi akafunika kalamu, akachukua kidude cha kutobolea kidole. Baada ya robo saa majibu yakatoka: hana maambukizi, arudi baada ya miezi mitatu. Tukapanda daladala. Tulipofika karibu na Sabasaba, huku ameelekeza uso dirishani, akasema, "Lakini hakuniuliza."

"Hakukuuliza nini?"

"Basi tu, kaka."

Ilinichukua karibu miezi miwili kulifungua lile "basi tu". Kwa ufupi, na ameniruhusu niandike mradi nisitaje mtaa wala jina, ni kwamba amekuwa akilala na wanaume pia. Mara ya kwanza ilikuwa arosto, yale mateso ya mwili unapoukosa unga. Alikuwa anatetemeka stendi, pua inachuruzika, tumbo linamkata, na mtu mwenye gari akampa hela ya kete mbili. Nilipoisikia habari hiyo nikawa tayari na huruma yangu: maskini, unga umemfikisha huku. Akanikatisha. Alisema baadaye alimpata mmoja ambaye alikuwa akimwendea bila arosto na bila hela, kwa sababu alitaka kumwendea. Na mke wake anampenda, na hilo si uongo vilevile. "Sasa hapo we unaniitaje?" akaniuliza. Sikuwa na neno.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria lile swali, na nimefika mahali pa kuamini kwamba sehemu kubwa ya tatizo letu la VVU kwa wanaume wa aina yake imekaa humo: tumemgawa mtu mmoja katika visanduku, kila kisanduku kina ofisi yake, mfadhili wake na daftari lake, na hakuna ofisi inayomwona akiwa mzima.

Kwenye lugha ya wataalamu wa UKIMWI kuna "makundi maalumu". Kuna wanaojidunga. Kuna wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume. Kuna wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Nje ya makundi hayo kuna umma, yaani mimi na wewe, waume na wake. Mgawanyo huo uliwekwa kwa nia njema, kwani bila makundi usingejua dawa na kondomu uzipeleke wapi. Lakini binamu yangu anaingia visanduku viwili vya kwanza na pia kile cha waume, kwa wakati mmoja, na ukimweka kimoja tu unapata hesabu nzuri ya mtu ambaye hayupo.

Hesabu zenyewe zinaonyesha kwa nini hilo ni jambo zito. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta kiwango cha maambukizi kwa Watanzania wenye miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4, wanawake wakiwa asilimia 5.6 na wanaume asilimia 3.0. Njombe ndiyo iliyoongoza kwa asilimia 12.7. Hizo ndizo namba zinazosomwa kila Desemba 1. Sasa ingia ndani ya visanduku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili waliowachunguza wanaume wanaolala na wanaume hapa hapa Dodoma, na kuchapisha matokeo mwaka 2017, walikuta maambukizi kwa takriban 17 kati ya kila 100. Kwa wanaojidunga jijini Dar es Salaam, tafiti kadhaa zimekuta zaidi ya theluthi moja. Na tafiti za Dar es Salaam na Zanzibar zimekuta mara kwa mara kwamba sehemu kubwa ya wanaume wanaolala na wanaume wana wapenzi wa kike pia, wengine wake kabisa wa ndoa. Visanduku hivi havijawahi kuwa vyumba vyenye kuta.

Watu wakisikia jambo hili husema ni mambo ya Pwani. Ni Zanzibar, ni Tanga, ni Kinondoni. Dodoma ni mji wa Wagogo, wa zabibu na vumbi, wa wabunge na mikutano. Nami nilikulia na wazo hilo. Lakini tazama ramani. Barabara kutoka Dar es Salaam kwenda Singida, Mwanza na hadi Rwanda inapita hapa. Na ile kutoka Arusha kwenda Iringa nayo inapita hapa hapa, zinakutana. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, mji umejaa mafundi ujenzi, madereva, walinzi, watumishi walioacha familia Dar, wanaume wanaolala peke yao kwenye vyumba vya kupanga Nkuhungu na Kizota. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inamtoa mtu Dar asubuhi na kumshusha hapa kabla hajasikia njaa ya mchana. Mizigo husafiri na watu, na unga husafiri na vyote viwili. Mwezi Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Iringa na sisi tumetenganishwa na mabonde na kona tu.

Wengi hawaanzi na sindano. Wanaanza na kokteli, yaani unga uliochanganywa na bangi kwenye sigara. Sindano huja pale hela inapopungua na mwili unapozoea, kwa sababu mshipa haupotezi kitu: kete ile ile inafanya kazi zaidi. Kwa hiyo umaskini wenyewe ndio unaomsukuma mtu kwenye njia yenye hatari kubwa kuliko zote. Kisha umaskini unamsukuma tena, maana kete moja inanunuliwa kwa kuchangishana, watu watatu kila mmoja na shilingi zake. Inayeyushwa kwenye kijiko kimoja, inachujwa kwa pamba moja, inavutwa na bomba moja la sindano kisha inasukumwa kwenye bomba lingine ili mgao uwe sawa. Ukimuuliza mtu wa maskani, pale wanapokutana watumiaji, kama anachangia sindano atakwambia hapana, na hajakudanganya, kila mmoja ana bomba lake. Ila maji ni ya wote, kijiko ni cha wote, na mgao umepitia bomba la mwenye dawa. Mwaka 2005 watafiti waliokuwa Dar es Salaam waliripoti jambo ambalo lilishtua hata waliozoea: aliyekosa hela anadungwa damu ya mwenzake aliyekwisha kupata, akiamini unga umo ndani yake. Sijawahi kulisikia hilo Dodoma. Kijiko cha wote nimekiona kwa macho yangu, nyuma ya gereji moja, kimefungwa kwenye kitambaa kwa heshima kama kijiko cha harusi.

Nitakaa kidogo kwenye hesabu za hatari, kwa sababu hapa ndipo mabasha wengi wanapojidanganya, na ndipo washauri wetu wengi hukwepa kusema wazi.

Taasisi za afya za Marekani zimekokotoa uwezekano wa kuambukizwa kwa tendo moja na mtu mwenye virusi asiyetumia dawa wala kondomu. Kwa kila matendo 10,000, mwanamume anayelala na mwanamke kwa njia ya kawaida ana hatari ya maambukizi 4, na mwanamke 8. Anayeingiza kwa njia ya nyuma ana 11. Anayeingizwa ana 138. Anayechangia sindano ana 63. Sasa basha, yaani yule anayeingiza, husema: mimi ndiye mwanaume pale, sina shida. Kumi na moja ni karibu mara tatu ya nne. Hiyo ndiyo "sina shida" yake.

Na zile 63 zinaonekana ndogo hadi uhesabu siku. Nguvu ya heroini huisha baada ya saa chache. Mwenye kuzoea hujidunga mara tatu au nne kwa siku asipatwe na arosto. Mara tatu kwa siku ni zaidi ya mara 1,000 kwa mwaka. Mtu akichangia na mwenye virusi asiyetumia dawa moja tu kati ya kila mara kumi, kwa mwaka ni mara 100, na kwa hesabu hiyo uwezekano wa kumaliza mwaka ameambukizwa unakaribia nusu. Kisha mtu huyo huyo arudi nyumbani kwa mke. Wiki za mwanzo baada ya kuambukizwa, wakati kipimo cha kidole bado kinaweza kusema hana, ndizo wiki ambazo virusi vimejaa zaidi mwilini. Ndiyo maana nesi alisema arudi baada ya miezi mitatu. Lakini hakumwambia ni kwa nini, naye akatoka na neno moja tu kichwani: sina.

Wataalamu wana jina kwa mtu kama binamu yangu. Wanamwita daraja, kwa maana kwamba virusi vinavuka juu yake kutoka maskani kwenda chumbani kwa mke. Nakiri kwamba kitakwimu neno lina ukweli. Lakini ukimwita mtu daraja unakuwa umeshasema unajali ng'ambo ipi. Programu nyingi zimemfikiria mwanamume huyu kama hatari kwa wengine: kwa mkewe, kwa mtoto tumboni, kwa "umma". Ni mara chache amefikiriwa kama mgonjwa mtarajiwa mwenye haki ya kukingwa yeye mwenyewe. Naye anajua. Mtu anayejua kwamba unamtafuta ili kumlinda mwingine dhidi yake hakupi anwani.

Hilo linajionyesha vizuri kwenye upimaji wa indeksi. Anayekutwa na virusi anaombwa ataje wenza wake ili nao wapimwe. Utaratibu wenyewe ni mzuri, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema wazi kwamba orodha iwe na wenza wa ngono na pia wale anaochangia nao sindano. Jiweke kwenye kiti kile. Mwanamume anaulizwa, "Taja wenza wako." Anamtaja mke. Anamtaja labda na mchepuko mmoja wa Manyoni. Wenzake wa maskani si wenza kwa Kiswahili anachokijua yeye, na wale wanaume wawili hawatajiki. Mke anapigiwa simu. Orodha imefungwa, kazi imekamilika, asilimia imepanda, na njia mbili kati ya tatu ambazo virusi vilipitia ziko wazi kama zilivyokuwa jana.

Mfano mwingine ni wa vidonge. PrEP, dawa kinga anayomeza mtu asiye na virusi, inaweza kutumika kwa namna mbili kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Kuna kumeza kila siku. Na kuna kumeza kwa tukio, ambayo inawafaa wanaume: viwili saa 2 hadi 24 kabla ya tendo, kimoja siku inayofuata, kimoja siku ya tatu. Namna ya pili ni kwa kinga ya ngono tu. Mwenye kujidunga anapaswa kumeza kila siku. Utafiti wa Bangkok uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kumeza tenofovir, moja ya dawa za PrEP, kila siku kulipunguza maambukizi kwa wanaojidunga kwa karibu nusu. Kwa hiyo mwanamume anayesema habari za kitanda na kuficha za sindano anaweza kupewa mpango ambao haumkingi. Na anayesema za sindano na kuficha za kitanda hatapewa kondomu zinazofaa, wala vilainishi, wala hatachunguzwa magonjwa ya zinaa sehemu ambayo yamejificha. Kaswende na kisonono cha nyuma mara nyingi havina dalili. Hakuna anayetazama kule kama hakuna aliyeuliza.

Hata lile tangazo jema kwamba mwenye kufubaza virusi hadi visionekane hamwambukizi mwenza, ambalo ni kweli na limethibitishwa, limethibitishwa kwa ngono. Kwenye sindano hatuna ushahidi wa kiwango hicho. Nimekutana na mtu aliyeamini kwamba, kwa kuwa anameza ARV vizuri, anaweza kumwachia mwenzake bomba.

Kwa nini basi watu hawasemi? Jibu la haraka ni sheria. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30, kwa kile kinachoitwa kosa kinyume na maumbile. Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 ina makali yake. Mtu wa visanduku viwili ana mashitaka mawili kabla hajafungua mdomo. Mwaka 2016 serikali ilizuia vilainishi, na Februari 2017 ikasitisha huduma za UKIMWI katika vituo 40 vya watu binafsi kwa madai kwamba vinahamasisha ushoga. Sina nia ya kuifungua upya kesi hiyo hapa. Kila msomaji ana msimamo wake na dini yake. Ninachosema ni kwamba waelimishaji rika walijifunza kitu mwaka ule, na hawajakisahau: wakiwa na mtu wa sindano, waandike sindano, na mengine wayameze. Kisanduku cha dawa kina huruma kidogo, kwa kuwa mraibu siku hizi anaitwa mgonjwa. Kile kingine hakina.

Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na mwezi uliofuata ilipolegeza kidogo, ruhusa ya kutoa PrEP kwa fedha zake ikabaki kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Lisome hilo kwa macho ya nyumba moja. Mke akiwa mjamzito aliruhusiwa kidonge cha kumkinga dhidi ya mumewe. Mume, ambaye alihitaji kukingwa dhidi ya maskani, hakuruhusiwa. Washington hawakuwa wakifikiria Dodoma walipoandika mstari ule, lakini mantiki yake ni ile ile ya daraja niliyoisema.

Jibu la sheria, hata hivyo, halimalizi. Hata pale ambapo hakuna polisi wala mwandishi, maneno yenyewe hayapo. Kiswahili kina maneno mengi ya kumdhalilisha mwanamume anayeingiliwa, kina "basha" kwa yule mwingine, na hakina neno ambalo mwanamume anayependa kote angelitumia kujitambulisha bila kujichoma. "Mpenzi wa jinsia zote mbili" ni neno la semina. Ukimuuliza binamu yangu kama yeye ni shoga atasema hapana, na kipimo cha uongo hakitalia. Ukimuuliza kama analala na wanaume, ukiuliza kwa sauti ile ile uliyotumia kuuliza kuhusu kondomu, huenda akajibu. Swali la kwanza linauliza wewe ni nani. La pili linauliza ulifanya nini, na virusi navyo vinajali hilo la pili tu.

Na lazima niseme na kosa langu. Mimi nilikuwa nimekaa mle chumbani, goti kwa goti. Hata kama dada nesi angeuliza vizuri namna gani, nani angejibu mbele ya kaka yake? Tunawasindikiza watu wetu kwa upendo, halafu upendo unakaa kwenye kiti cha tatu na kuziba mdomo wa mtu. Angeniambia nitoke nje, ningeona ananifukuza. Alipaswa kunifukuza.

Siku hizi binamu yangu yuko kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, pale Itega, chini ya Hospitali ya Mirembe. Tanzania ilianza tiba hii Muhimbili Februari 2011, na kwamba imefika hadi huku kwetu ni jambo la kushukuru sana. Nilimwona mtu aliyekuwa akiiba sufuria za mama yake akinunua sukari ya nyumba. Anakwenda kila siku. Anasimama dirishani, anatajiwa namba, anapewa kikombe, anakunywa mbele ya mhudumu na kufungua mdomo kuonyesha amemeza. Watu wanalalamikia nauli na foleni. Mimi naona kitu kingine: hakuna huduma nyingine ya afya nchini inayomwona mwanamume huyu uso kwa uso siku 365 kwa mwaka. Mwanamume wa Kitanzania huwa haendi hospitali mpaka abebwe. Huyu anakuja mwenyewe, asubuhi, akiwa na akili timamu.

Na kuna jambo la mwili ambalo halizungumzwi. Heroini hushusha homoni za kiume na kuua hamu. Methadoni nayo ina athari hiyo kwa dozi kubwa, lakini mtu akitulia, akala, akalala, mara nyingi hamu hurudi. Binamu yangu alinieleza kwa aibu na furaha kwa pamoja, kama kijana wa miaka 16. Sasa hamu ikirudi inarudi kwa nani? Kwa mke, ndiyo. Na kwa yule mwingine pia. Hatari ya sindano imeshuka, ya kitanda imepanda, na kila mtu anayemzunguka anasherehekea kwamba amepona. Mchungaji amemwombea, mama mkwe amekuja na kuku. Hapo ndipo mahali ambapo mtu mmoja aliyefundwa vizuri, kwenye chumba chenye mlango unaofungwa, angeuliza maswali matatu kwa sauti moja: bado unadunga, hata mara moja moja? Unalala na wanawake, wanaume, au wote? Mara ya mwisho kondomu ilikuwepo?

Haihitaji fedha za Marekani. Kipimo cha kujipima mwenyewe kimeruhusiwa na sheria tangu mwaka 2019; kinaweza kukaa pale pale kwenye dirisha la dawa, na PrEP ikakaa pembeni yake. Kwenye CTC, yaani kliniki za matunzo na tiba ya VVU, nako swali la sindano liulizwe kwa kila mwanamume, hata mwenye suti, ili lisiwe tuhuma kwa mwenye ndala. Daftari liruhusu tiki mbili au tatu kwenye mstari mmoja bila kompyuta kukataa. Na mshauri asimame upande wa mtu aliye mbele yake kwanza, mke aje baadaye, kwa sababu mke analindwa vizuri zaidi na mume aliyesema kweli kuliko na orodha ya wenza yenye jina lake peke yake.

Wapo watakaosema namtetea mwanamume anayemdanganya mkewe. Nimelitafakari sana, maana shemeji yangu ni mtu ninayemheshimu na anapika ugali wa uwele ambao sijaupata kwingine. Sina jibu la kunifanya nilale vizuri. Najua tu kwamba alipokwenda kliniki na ujauzito wa mtoto wa tatu walimpima siku ile ile, bila kumuuliza mumewe ni nani, na hakuwa na maambukizi. Kadi yake ina tarehe ya kupima tena miezi ya mwisho ya ujauzito. Juma lililopita binamu yangu alinipigia saa tano usiku. Alitaka kujua kama yeye naye anaweza kwenda kupima kabla ya tarehe hiyo, na kama safari hii naweza kumsubiri nje.